Nimealikwa pabu ya kijijini huku Uingereza, bia zao ni za moto na hazina gesi. Wazoefu naombeni mwongozo

Mtu wa Kihesa
Wakuu habari za jioni. Niko Southampton huu mwaka wa pili, napiga kazi hospitali kusukuma wagonjwa na vitanda. Kuna mzee mmoja kazini anastaafu mwezi ujao, Mwingereza wa kijijini kabisa, tumezoeana sababu zamu zetu zinagongana mara nyingi na ndiye aliyenifundisha njia zote za chini kwa chini pale. Sasa amenialika mimi na familia Jumamosi ya wiki ijayo twende Dorset, tutembee kwa miguu kandokando ya bahari halafu tumalizie kwenye pabu inaitwa Square and Compass, kijiji chenyewe Worth Matravers. Anaiongelea hiyo pabu kama mtu anavyoongelea kwao.

Tatizo langu ni hili. Mwaka jana mimi na jamaa yangu tuliingia pabu moja ya kijijini, jina tuliache. Tukakaa mezani kistaarabu tukisubiri mhudumu. Dakika kumi, ishirini, hakuna anayekuja hata kufuta meza, watu wanaingia nyuma yetu wanapata vinywaji na sisi tupo tu tunaangaliana. Mwisho jamaa akaenda kaunta akasema tupe bia ya wenyeji, akarudi na glasi mbili za kitu kina rangi kama chai ya rangi, gesi hakuna, povu jembamba kama la sabuni iliyokaribia kuisha, halafu ya moto. Simaanishi ya kuunguza mdomo, namaanisha moto ile ya kwenye "nikupe ya moto au ya baridi". Na kwa mbali kama ina uchachu. Nikajua tayari, tumekingiwa masalia. Tukaacha glasi zimejaa tukaondoka na mpaka leo sijui kama ule ulikuwa ubaguzi au ushamba wangu.

Sasa safari hii sitaki kumwaibisha mzee wa watu. Naagizaje, nalipaje, natakiwa kunywa hiyo hiyo ya moto au naruhusiwa kuomba ya kawaida, halafu mke wangu ni mtu wa Tanga, Muislamu, hanywi, na tuna binti wa miaka sita. Si itakuwa nimewapeleka kilabuni?

Chumvi Kidogo
Mtu wa Iringa unalalamikia bia ya moto?? 😂😂 Kwenu mwezi wa sita mtu akipewa ya baridi anaona ametukanwa. Umeikimbia Kihesa umeikuta Ulaya. Endeleeni wakuu, nimekaa paleee

Mangi Mtoro
Mkuu pole, ila kuhusu kukaa mezani ule ulikuwa ushamba, na usione haya maana wote tumeupitia. Mimi nimefanya kazi pabu karibu na Bristol miaka minne, mbili za mwisho nilikuwa ndiye mtu wa stoo ya chini yanakokaa mapipa, kwa hiyo hapa umenikuta nyumbani. Ubaguzi upo huku, sitakudanganya, lakini pale kaunta hakuna aliyekususa. Pabu ya kizamani haina mhudumu wa mezani kwa vinywaji. Unaenda mwenyewe kaunta, unaagiza, unalipa hapo hapo, unabeba glasi zako unarudi kukaa. Foleni haionekani kwa macho lakini ipo, kila mtu anajua nani kamtangulia, na muuzaji naye anajua. Usipunge noti hewani wala kugonga kaunta na sarafu, simama tu uonekane, atakufikia.

Tuje kwenye bia sasa, maana hapa ndipo watu wetu wengi wanapoharibu. Ile wanaita eli. Wewe usiifikirie kama Safari au Kilimanjaro iliyosahaulika nje ya friji. Ifikirie kama mbege, ile pombe ya ndizi ya kwetu Uchagani. Lager tulizozoea zimechujwa, hamira imetolewa au imeuawa, zikapigwa gesi, zikafungwa, unaweza kuiweka stoo miezi na ladha ni ile ile. Hii ya kwao inatoka kiwandani ikiwa bado hai, hamira imo ndani ya pipa na inaendelea kuchachuka pale pale chini ya pabu. Gesi yake ni ile iliyojitengeneza yenyewe, ndiyo maana unaiona haichangamki. Haisukumwi na mtungi wa gesi, inavutwa kwa mkono, ule mpini mrefu unaouona kaunta ni pampu, muuzaji anauvuta mara mbili tatu painti imejaa. Painti yao ni mililita 568, kwa hiyo ni zaidi ya chupa yetu ya nusu lita, chunga.

Na sio ya moto bana. Inatakiwa itoke kwenye nyuzi 11 mpaka 13 hivi. Ulimi wako umezoea bia ya barafu ndiyo maana unaona moto. Ukiigandisha hiyo ladha yote inajificha, ni kama kumwekea mtu mbege kwenye friza, Mchagga atakutazama tu.

Kazi yangu ilikuwa hivi. Pipa linafika, lile la kawaida ni galoni 9, painti 72. Unalilaza kwenye kitanda chake cha mbao, halitikiswi. Juu ya tumbo lina tundu, unapigilia kijiti laini cha mbao kinachopumua, na hapo unaona povu linatoka linabubujika, unalifuta, unarudi baada ya saa kadhaa unafuta tena mpaka litulie. Halafu unabadilisha kijiti unaweka kigumu kuzuia gesi yote isiishie hewani. Unaliacha hamira ishuke chini mpaka bia iwe angavu kabisa unaona taa upande wa pili wa glasi. Kilichokuwa kinanichekesha ni dawa ya kuishusha hiyo hamira, unajua ni nini? Mabondo! Mabondo ya samaki kabisa, yale yale ambayo Mwanza watu wanatoana roho kwa bei yake, huku yanatengenezwa kama uteute yanatiwa kwenye pipa yanazoa hamira yote yanazama nayo. Siku hizi wengine wameacha sababu ya wasiokula nyama, bia yao inakuwa na ukungu kidogo na wameandika kabisa.

Ukishalifungua pipa likaanza kuvutwa, hewa inaingia. Una siku tatu nzuri. Baada ya hapo inaanza kulegea, inakuwa bapa, halafu inaelekea siki. Ndiyo maana pabu yenye watu wengi bia yake tamu, na ile ya watu wawili na mbwa mmoja unacheza bahati nasibu. Sasa hiyo yako kama ilikuwa na uchachu, ulikuwa na haki ya kuirudisha. Unaenda kaunta kwa adabu unasema nadhani hii imeenda, anainusa, anakubadilishia bila maneno, na akiwa mtu wa kazi anageuza kile kibao cha jina kwenye pampu kitazame upande wake, maana yake hiyo imefungwa. Hata kabla ya kununua unaweza kuomba kuonja, wanakumiminia vijiko viwili kwenye glasi ndogo bure. Lakini usionje sita halafu uagize soda.

Umeniacha nimekumbuka mbali aisee.

Binti Pangani
Mangi umeeleza vizuri ila mke wa mwenzio hajaguswa. Kaka Mtu wa Kihesa, mlete wifi tu, asiogope. Mimi ni Muislamu nimeolewa huku Wiltshire na nimeingia pabu za kijijini zisizo na idadi, ndiko wanakofanyia kila kitu, mkutano wa kijiji, bethdei, hata matanga yao baada ya kuzika. Haifanani na kilabu cha pombe cha kwetu ambako mwanamke wa heshima akipita anajifunika uso. Utakuta bibi wa miaka themanini anafuma sweta na glasi yake ya nusu painti. Watoto wanaingia na wazazi wao mchana bila shida, mbwa nao ndio usiseme, chini ya meza kuna mkia muda wote. Kama wifi anaogopa mbwa mwambie mapema.

Anywe soda ya blakikaranti na maji ya gesi, au ya ndimu, ni bei chee na hakuna anayemuuliza kwa nini. Chakula ndio aangalie. Kaunta kutakuwa na vipakiti vinaning'inia vinafanana na bisi au krispi za kahawia, vile ni ngozi ya nguruwe iliyokaangwa. Mwanangu alishanyakua kimoja nikamrukia kama goli kipa. Na chipsi aulize zimekaangwa kwenye mafuta gani, maana wapo wanaotumia ya ng'ombe. Sahani ya mkate, jibini, kachumbari yao ya kahawia na kitunguu kizima ndiyo salama, ila waambie wasitie ile nyama ya pembeni.

Halafu jiko linafungwa! Hili ni muhimu kuliko yote. Wengi wanapika saa sita hadi saa nane mchana hivi, basi, mpaka jioni. Ukifika saa tisa na njaa yako utakula krispi.

Saida sasa. Mwambie wifi kabisa, kitu chochote kinachoitwa saida huku ni pombe ya matufaha. Kinatoka kwenye pipa kina rangi ya juisi ya miwa, kina harufu ya matunda, mtu mgeni anafakamia.

Mama Wawili MN
Binti Pangani hapo kwenye saida asante!!! Mimi niko Minnesota, huku Marekani saida ni juisi tu ya matufaha isiyochujwa, ikifika vuli tunanunua galoni watoto wanakunywa. Mama mkwe wangu alikwenda Uingereza kwenye harusi ya mwanawe mwingine, jua kali, akaona jagi limeandikwa saida, akapiga glasi mbili za kiu. Mama wa kanisa, hajawahi kugusa hata wine ya meza ya Bwana. Wanasema hotuba ya upande wa bwana harusi ilikuwa fupi sana na ya kuimba.

Karanja wa Matofaa
Wasee niaje. Kwa hiyo ya saida niachieni mimi, nilikuwa Herefordshire msimu mmoja kuokota matofaa, mgongo bado unakumbuka. Kwanza jueni hizo matofaa za saida hazikuliki. Kuna moja inaitwa Kingston Black, ingine Dabinett, kwa macho ni tamu kabisa, rangi poa, nikauma moja siku ya kwanza, manze! Mdomo yote ikakauka kama nimekula ndizi mbichi na ganda. Wale wazee walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Hiyo ukakasi ndio wanataka, ndio inafanya saida ikuwe na mwili.

Matofaa hazichumwi, zinaachwa zianguke ama mti inatikiswa, mwezi wa kumi, wa kumi na moja hivi, unaziokota kwa nyasi na umande, mikono imekufa baridi. Zinasagwa, zinakamuliwa, juisi inaingia kwa pipa na inachacha. Yule mzee wa shamba yetu hakuwa anaweka hamira, alikuwa anasema iko kwa tofaa tayari. Inakaa winta yote, inakunywewa ikifika masika. Haina gesi, iko na ukungu, na inakamata polepole. Tusker ni asilimia 4.2, hiyo kitu ni 6 ama 7 na kuna zinapita hapo, na hausikii mpaka ukisimama. Ni kama muratina, ile pombe ya asali ya guka, yaani babu, unaongea vizuri umekaa, shida ni miguu. Chukua nusu painti bro, hakuna mtu atakucheka, wenyewe wanachukua nusu.

Na hii ndio iliniacha mdomo wazi. Januari tarehe 17 kuna kijiji Somerset inaitwa Carhampton, watu wanatoka kwa pabu usiku wanaenda kwa shamba ya matofaa wanaimbia mti. Mti! Wanatundika mkate uliolowekwa saida kwa matawi, wanamwagia mti saida kwa mizizi, halafu wanapiga bunduki juu kufukuza pepo mbaya ndio mavuno ikuwe poa. Sasa guka akimwaga muratina chini kidogo kwa wazee waliotangulia tunaambiwa sisi ndio washenzi.

Mtu wa Kihesa
Dah wakuu nawashukuru mno. Mangi hiyo ya mbege umenifungua macho, maana mimi kwa upande wangu naiona kama ulanzi, ile pombe yetu ya mwanzi. Ukigema asubuhi ni mtogwa, mtoto anakunywa, kesho yake mkangafu, yaani umeshakuwa mkali, keshokutwa unamwaga. Hakuna mtu Iringa anauliza ulanzi mbona hauna gesi. Sasa suala la kulipa, tukiwa wanne watano kila mtu analipa yake?

Mangi Mtoro
Hapana mkuu, raundi. Mmoja anasimama anauliza mnakunywa nini anawanunulia wote, zamu inayofuata ni ya mwingine. Kosa kubwa kuliko yote pale ni kunywa raundi ya watu halafu wewe ukadai umeshiba. Mzee akinunua ya kwanza, ukiona glasi yake imebaki vidole viwili wewe nyanyuka. Weka kama paundi 5 kwa painti kichwani usije ukashtukia. Bakshishi hawaachi kaunta, ukimpenda muuzaji mwambie na wewe chukua ya kwako, anakata bei ya kinywaji kimoja.

Kiti kilichoko pembeni ya moto kabla hujakaa angalia kwanza, kuna mzee ana kiti chake miaka thelathini na hakijaandikwa popote.

Hiyo Square and Compass una bahati. Kuna jumuiya ya wanywaji inaitwa Campaign for Real Ale, CAMRA kwa kifupi, ilianzishwa 1971 na jamaa wanne waliokerwa na viwanda vikubwa kuua hizi bia hai na kuleta za mtungi wa gesi. Wanatoa kitabu cha pabu nzuri kila mwaka, na hiyo yenu ni moja ya pabu chache sana ambazo zimo tangu toleo la 1974. Familia ni ile ile tangu 1907. Na kumbe saida wanatengeneza wenyewe. Dereva nani lakini? Usicheze na hilo, hapo England kiwango ni miligramu 80 kwa mililita 100 za damu na Scotland ni 50, ila dawa ni asiyekunywa ndiye ashike usukani.

Mtu wa Kihesa
Mke wangu ana leseni, ameshajiteua.

Mtu wa Kihesa
Wakuu nimerudi na mrejesho maana niliahidi moyoni.

Tulitembea kwanza, mzee ana miaka 66 ametuacha nyuma mlima wote. Tulipofika pabu ni nyumba ya mawe, mlango mfupi nikagonga kichwa nikiwa bado najiandaa kusalimia. Ndani hakuna kaunta! Mangi umenifundisha kaunta wiki nzima nafika hakuna kaunta. Kuna korido nyembamba ya mawe na kidirisha ukutani, watu mmejipanga mnaongea mgongoni kwa mgongo, mtu anainama anaagiza pale dirishani kama dirisha la dawa zahanati. Nyuma ya muuzaji unaona mapipa yenyewe. Nikasema kimoyomoyo hapa sasa ndiyo kwa mama muuza ulanzi, imebaki mbeta tu, kile chombo cha mwanzi cha kugemea.

Mzee alinunua ya kwanza. Akaniagizia bita, aina ya ile eli yao yenye uchungu, ya asilimia 4 hivi. Nilikunywa taratibu kama mlivyosema, fundo la kwanza nikaona mh, la pili nikaanza kusikia kama ukoko wa mkate uliopikwa ukapita, halafu uchungu unabaki nyuma ya ulimi unakaa. Ilikuwa baridi ya mtungini, ile ya maji ya kwenye mtungi wa udongo. Sijui nielezeje zaidi ya hapo, painti iliisha nikiwa bado nasikiliza.

Raundi ya pili nikanyanyuka mimi, vidole viwili kabisa kama ulivyosema Mangi, mzee akanitazama akatikisa kichwa akacheka. Nikachukua nusu ya saida ya kwao. Karanja umesema kweli, nilisimama kwenda chooni nikaona meza imesogea.

Nje kuna meza za mawe, kuku wanapita katikati ya miguu ya watu wanaokota makombo, na mbele unaona bahari yote. Binti yangu alimaliza saa nzima na kuku. Na ndani kuna chumba kimejaa mawe ya zamani yenye alama za viumbe, konokono wakubwa kama sahani waliogeuka jiwe, akatoka hapo anataka kuwa mchimbaji. Chakula ni maandazi yao makubwa ya kuoka yenye vitu ndani, mimi nayaita sambusa za baba, mke wangu alikula ya mboga na soda yake. Alikaa karibu na bibi mmoja mwenye mbwa, mwanzo miguu ameipandisha juu ya benchi, mwisho namkuta anamuuliza jina la mbwa.

Mzee akaniuliza kwenu mnakunywa nini, nikamweleza ulanzi, kwamba mwanzi mchanga unakatwa ncha kipindi cha mvua unatungikwa mbeta unadondoka wenyewe. Alinihoji maswali ishirini. Anataka kujua unakaa siku ngapi, nani anachunga usafi wa mbeta, mvua ikichelewa inakuwaje. Hajaniuliza simba hata mmoja.

Nimempigia jamaa yangu wa mwaka jana, nikamwambia twende tukarudi pabu ile tukanywe vizuri, tuliwaonea. Amekataa. Anasema yeye hajali hamira hai wala maiti, ile bia ilikuwa mbovu.

Mangi Mtoro
Safi sana mkuu, umewakilisha. Ila jamaa yako asije akawa sahihi. Mliingia siku gani ile?

Mtu wa Kihesa
Ngoja nikumbuke. Tulikuwa tumetoka zamu ya usiku. Jumanne.

Mangi Mtoro
Saa ngapi, na mlikuta watu wangapi?

Mtu wa Kihesa
Saa saba mchana. Ukitutoa sisi, kama watano. Na mbwa.

Mangi Mtoro
Hiyo ilikuwa ya Ijumaa mkuu. Mngeirudisha.